Kitufe cha O/D Kinachosahau

Wadau, leo naingia kwenye historia ya kitu kidogo sana: rilei. Kile kisanduku cheusi cha plastiki unachokipata Kirinyaga Road bila kuumiza mfuko. Kuna wenye pikapu kubwa za Marekani wanaofungua dashibodi ili waiongeze kwenye waya za swichi ya ovadraivu, na kuna wanaowacheka. Ati mbona uchokore gari iliyotoka kiwandani ikiwa sawa? Mimi niko upande wa wanaochokora, na sababu yangu ni ya kihistoria.

Ovadraivu ni gia ambayo shafti inayotoka kwenye giaboksi inazunguka haraka kuliko injini. Injini inapumua, mafuta yanapungua. Kwa barabara tambarare ni raha tupu. Lakini weka mzigo halafu uanze kuteremka: injini haikushiki, breki inabeba kila kitu, na breki ina mwisho wake. Anayepita Mai Mahiu au Salgaa hahitaji kuelezewa hapo.

Wamarekani walilijua hilo mapema. Mwaka 1934, Chrysler na DeSoto zilitoa magari ya Airflow yenye ovadraivu ya Borg-Warner. Mitambo ya aina ile, ikiwa imefunguliwa, iliacha gari itembee huru ukipunguza mwendo, kama baiskeli ukiacha kukanyaga pedali. Kwa mlima hiyo ni hatari. Ndiyo maana dereva alipewa kipini cha kuvuta chini ya dashibodi. Ukikivuta, ovadraivu imefungwa. Zima gari, lala, amka kesho, kipini kiko vile vile ulivyokiacha. Hiyo nukta ishike, nitairudia.

Kufikia miaka ya 1940 umeme ulikuwa umeingia. Sasa kulikuwa na solenoidi ya kusukuma gia, kifaa cha kupima mwendo, swichi chini ya pedali ya mafuta, na katikati yao, rilei. Kwa nini rilei? Solenoidi inavuta umeme mwingi inapoamka, na swichi ndogo ikibebeshwa umeme huo ncha zake zinaungua. Kwa hivyo swichi inatuma umeme kidogo kwa koili ya rilei, koili inakuwa sumaku, sumaku inafunga ncha nene, na ncha hizo ndizo zinabeba kazi. (Na hii naipenda sana: ukikanyaga mafuta mpaka chini ili utoke kwenye ovadraivu, mtambo ulikata moto wa plagi kwa nukta moja tu, gia zikalegea, zikaachana. Hakuna kompyuta hapo. Ni waya tupu.)

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko magari hayo. Joseph Henry alilionyesha Princeton mwaka 1835: umeme dhaifu uliosafiri mbali unaweza kufungulia njia umeme wenye nguvu ulio karibu. Telegrafu ndiyo iliyolieneza. Samuel Morse alipotuma ujumbe kutoka Washington hadi Baltimore mwaka 1844, umbali wa kama kilomita 64, dunia ilianza kuona faida yake.

Sasa tufike 1989. Ford ilileta giaboksi ya E4OD kwenye pikapu zake, na kompyuta ikawa bosi. Kipini kikaisha, ukapata kitufe. Ukikibonyeza, taa inawaka na ovadraivu inazimwa. Lakini ukizima gari na kuiwasha tena, kompyuta imesahau, ovadraivu iko wazi. Mtu anayevuta trela siku nzima, akisimama mara kumi, lazima akumbuke mara kumi. Linganisha na Toyota nyingi za miaka ya 1990 tulizoletewa kutoka Japani: kitufe chake kinabaki kimeingia au kimetoka, na O/D OFF inakaa vile ulivyoiacha. Kwa maoni yangu Ford hapo walirudi nyuma, na walirudi nyuma ya 1934.

Kwa hivyo wachokoraji wanafanya nini? Wanaweka rilei ambayo ncha zake zimeungwa sambamba na kitufe. Koili yake inapata umeme ukiwasha gari, kupitia kapasita. Kapasita ikijaa umeme unakatika, kwa hivyo rilei inafunga kidogo tu na kuachia, kama kidole kilichobonyeza. Kompyuta inadhani ni dereva. Uzuri ni kwamba umeme wa koili haugusi waya wa kompyuta hata kidogo. Ndilo jambo lile lile la Henry.

Ila sio kila fundi anafaa kushika hii kazi. Mwenye kupeleka volti 12 moja kwa moja kwenye waya wa kompyuta atakuuzia hasara. Koili ikizimwa inarusha umeme wa ghafla, kwa hivyo iwe na daiodi. Waya wa koili uwe na fyuzi yake. Na kapasita ikiwa ndogo sana, rilei itaachia kabla kompyuta haijaamka. Jaribio ni rahisi, fanya ukiwa umesimama: washa gari, usiguse kitufe, angalia dashibodi. Kama taa ya O/D OFF haijawaka yenyewe, bado usipakie mzigo.