Ziara ya baiskeli katika Pirenei

Ziara ya baiskeli katika Pirenei ni safari ya mapumziko ambayo kundi la waendesha baiskeli huvuka milima ya Pirenei, mpakani mwa Ufaransa na Hispania, likiwa na kiongozi na gari la kusindikiza. Njia inayojulikana sana huanzia Hendaye, kwenye pwani ya Atlantiki, na kuishia Cerbère, kando ya Bahari ya Mediteranea. Kwa kawaida ziara ya namna hii huchukua wiki moja hadi siku kumi hivi.

Ziara hii si mashindano. Kila msafiri hupanda kwa mwendo wake, kisha kundi hukutana tena juu ya mlima au mahali pa kulala. Hata hivyo barabara zake ni zilezile zinazotumiwa na mashindano ya Tour de France, na hatari zake ni zilezile pia, hasa wakati wa kushuka.

Jiografia

Pirenei ni safu ya milima yenye urefu wa takriban kilomita 430, kutoka Ghuba ya Biscay hadi Mediteranea. Kilele cha juu kabisa ni Aneto (mita 3,404), upande wa Hispania. Nchi ndogo ya Andorra iko ndani ya milima hiyo.

Barabara ya baiskeli kutoka bahari hadi bahari ni ndefu zaidi ya safu yenyewe: hufikia kilomita 700 na zaidi. Sababu ni kwamba upande wa Ufaransa mito na mabonde mengi hushuka kutoka kusini kwenda kaskazini. Anayesafiri kutoka magharibi kwenda mashariki hulazimika kutoka bonde moja, kupanda ukingo, kisha kushukia bonde linalofuata. Mahali barabara inapovuka ukingo huo huitwa "col" kwa Kifaransa, yaani pito la mlimani.

Baadhi ya mapito maarufu, kutoka magharibi kwenda mashariki, ni:
- Col de Marie-Blanque (mita 1,035)
- Col d'Aubisque (mita 1,709)
- Col du Tourmalet (mita 2,115)
- Col d'Aspin (mita 1,489)
- Col de Peyresourde (mita 1,569)
- Col du Portet d'Aspet (mita 1,069)

Kutoka mji wa Luz-Saint-Sauveur hadi juu ya Tourmalet ni kilomita 19 hivi, na barabara hupanda takriban mita 1,400. Wakati wa majira ya baridi Tourmalet na Aubisque hufungwa kwa sababu ya theluji. Kwa hiyo ziara nyingi hufanyika kati ya Juni na Septemba.

Historia

Katika karne ya 19, enzi za Napoleon III, serikali ya Ufaransa ilijenga barabara ya kuunganisha miji ya chemchemi za maji moto, ambako watu walikwenda kuoga na kutibiwa. Miongoni mwa miji hiyo ni Eaux-Bonnes, Barèges na Bagnères-de-Luchon. Ziara za leo bado hufaidika na mpango huo, kwa kuwa miji yenye hoteli hupatikana kati ya pito moja na jingine.

Tour de France ilipita mapito makubwa ya Pirenei kwa mara ya kwanza mwaka 1910. Tarehe 21 Julai waendeshaji walitoka Luchon kwenda Bayonne, umbali wa kilomita 326, wakivuka Peyresourde, Aspin, Tourmalet na Aubisque kwa siku moja. Barabara zilikuwa za mawe na vumbi. Mshindi, Octave Lapize, alitumia zaidi ya saa 14, na njiani aliwaita waandaaji wauaji.

Mwaka 1913 uma wa mbele wa baiskeli ya Eugène Christophe ulivunjika alipokuwa akishuka Tourmalet. Kanuni zilikataza msaada wowote. Alitembea kwa miguu hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia katika karakana ya mhunzi na kuufua uma huo mwenyewe. Hata hivyo aliadhibiwa, kwa sababu kijana mmoja alimvutia mvukuto.

Baadaye safari ya bahari hadi bahari ikawa changamoto ya waendeshaji wa kawaida. Chama cha baiskeli cha Cyclo Club Béarnais cha mjini Pau husimamia Raid Pyrénéen, ambayo humtaka mshiriki aende kutoka Hendaye hadi Cerbère, kilomita 720 hivi, katika muda wa saa 100. Ipo pia njia ndefu zaidi yenye muda wa siku 10. Mshiriki hubeba kadi na kugongewa mihuri njiani kama uthibitisho. Makampuni ya utalii huuza ziara zinazofuata njia hiyo au sehemu yake.

Mpangilio wa ziara

Jioni kiongozi hueleza njia ya kesho: umbali, mapito, mahali pa maji na hali ya hewa. Asubuhi mizigo hupakiwa kwenye gari, na wasafiri hubaki na vitu vichache tu: maji, chakula kidogo, koti la mvua, pampu, mpira wa ndani wa akiba na simu. Kundi likiwa kubwa, kiongozi mmoja hukaa mbele na mwingine nyuma ya msafiri wa mwisho.

Gari hubeba pia magurudumu na vipuri, na humchukua aliyechoka au kuumia. Kwa namna hiyo mambo ni kinyume kabisa na yale ya mwaka 1913: msafiri hatakiwi kuteseka peke yake, na kupanda gari hakuhesabiwi kuwa aibu. Katika kundi lililozoea kushindana, jambo hili ndilo gumu kukubalika. Aliyechoka ambaye anakataa gari hufika juu akiwa hana nguvu wala umakini, na bado mbele yake kuna mteremko mrefu.

Nchini Ufaransa anayelipwa kwa kuongoza michezo lazima awe na sifa zinazotambuliwa na sheria pamoja na kadi ya kitaalamu. Kwa mujibu wa agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2015, kampuni inayouza malazi na huduma nyingine kwa pamoja kama kifurushi huwajibika kwa utekelezaji wake, na lazima iwe na dhamana ya kurudisha fedha ikifilisika.

Kupanda na kushuka

Kupanda huchosha, lakini mwendo ni mdogo na anayeshindwa anaweza kusimama. Gia nyepesi na kula mara kwa mara husaidia kuliko haraka ya mwanzo. Kushuka ndiko kunakodai tahadhari zaidi. Joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Mtu aliyelowa jasho akishuka bila koti, vidole hufa ganzi na breki hazikamatiki vizuri. Ukungu hutokea ghafla, na wakati wa kiangazi ng'ombe, kondoo na farasi hulishwa huru na kulala barabarani.

Mwaka 1951 Wim van Est wa Uholanzi, aliyekuwa akiongoza Tour de France, alianguka korongoni akishuka Aubisque. Alivutwa juu kwa kamba iliyorefushwa kwa tairi za baiskeli, akiwa hai. Tarehe 18 Julai 1995 Fabio Casartelli wa Italia, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1992, alianguka akishuka Portet d'Aspet na kufariki. Hakuwa amevaa kofia ngumu. Mnara wa kumbukumbu yake uko kando ya barabara hiyo, na makundi mengi husimama hapo.

Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kuiwakilisha Kenya kabla ya kuhamia Uingereza, alishinda hatua ya Tour de France ya mwaka 2016 iliyoishia Bagnères-de-Luchon. Aliwaacha wapinzani juu ya Peyresourde na kushuka akiwa ameketi kwenye bomba la juu la baiskeli. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo, UCI, lilipiga marufuku mkao huo mwaka 2021.

Usalama

UCI ilifanya kofia ngumu kuwa lazima katika mashindano mwaka 2003. Nchini Hispania sheria huidai nje ya miji. Nchini Ufaransa sheria huwabana watoto walio chini ya miaka 12, lakini waandaaji wa ziara kwa kawaida huidai kwa wote. Katika nchi zote mbili magari huendeshwa upande wa kulia, na dereva anayempita mwendesha baiskeli nje ya mji anatakiwa kuacha nafasi ya mita 1.5. Namba ya dharura ni 112.

Baiskeli zenye mota ya umeme zimewezesha watu wa nguvu tofauti kusafiri katika kundi moja. Katika Umoja wa Ulaya mota hiyo haipaswi kuzidi wati 250, na huacha kusaidia mwendo unapofika kilomita 25 kwa saa. Humsaidia mtu kupanda. Wakati wa kushuka hubaki breki, kofia na busara yake mwenyewe.