Dawa ya maji ya mtoto: Kipimo huharibikia jikoni

Mzazi anayekabidhiwa chupa ya amoksilini katika duka la dawa mara nyingi hupewa unga mkavu uliotulia chini ya chupa. Unga huo hugeuzwa kuwa dawa ya maji baadaye, ama na mfamasia ama na mzazi mwenyewe nyumbani, na hapo ndipo kipimo alichokikadiria daktari kwa uangalifu huweza kupotea kabla mtoto hajameza tone la kwanza.

Kwanza, si kila mtoto mgonjwa anayehitaji dawa hii. Antibiotiki hupambana na bakteria. Mafua, vikohozi vingi na sehemu kubwa ya maradhi ya kuhara kwa watoto wachanga husababishwa na virusi, ambavyo dawa hizo haziviwezi. Ndiyo maana mhudumu wa afya anayeshuku nimonia hufunua kifua cha mtoto aliyetulia na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa aliyetimiza mwaka mmoja lakini hajafikisha miaka mitano, ni dalili ya hatari. Nchini Kenya antibiotiki za kunywa hazipaswi kuuzwa bila cheti cha daktari, ingawa wakazi wa mitaa mingi wanalijua duka lisilouliza cheti.

Uchanganyaji una utaratibu wake. Chupa hugongwagongwa ili unga uachane, kisha maji yaliyochemshwa na kupoa hutiwa kiasi. Chupa hutikiswa, povu huachwa litulie, ndipo maji huongezwa hadi kwenye alama au kwa kiasi kilichoandikwa kwenye lebo. Maji yakizidi, kila kipimo huwa hafifu. Yakipungua, huwa kikali mno. Asiye na hakika amwombe mfamasia achanganye palepale dukani.

Kosa linalofuata ni la kijiko. Vijiko vya chai havilingani: cha nyumba hii huenda kikabeba mara moja na nusu ya cha jirani. Sirinji isiyo na sindano, yenye alama za mililita, ndicho kipimo cha kuaminika. Dawa husukumwa polepole upande wa ndani wa shavu, mtoto akiwa ameketi au ameinuliwa kichwa, wala asibanwe pua.

Hata hivyo, mililita peke yake haitoshi. Amoksilini ya maji huuzwa kwa nguvu mbalimbali, zikiwamo miligramu 125 na miligramu 250 katika kila mililita 5. Shirika la Afya Duniani hupendekeza, kwa nimonia ya mtoto anayetibiwa nyumbani, angalau miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku. Kwa mtoto wa kilo 10, hizo ni miligramu 400 kila mara: mililita 16 za dawa hafifu, au mililita 8 za ile kali.

Hesabu ikiendelezwa kwa siku 5, dawa hafifu inayotakiwa ni mililita 160. Mzazi aliyenunua chupa moja ya mililita 100 ataishiwa katika siku ya nne, na asipoelezwa mapema huenda akadhani matibabu yamekwisha. Chupa ya dawa kali ingemtosha na kubakisha mililita 20. Mfano huu ni wa kuonyesha tofauti tu. Kipimo cha mtoto hupangwa na aliyempima uzito na kumchunguza.

Chupa hutikiswa kila mara kabla ya kupima dawa, kwa kuwa chembe zake hutuama chini. Asiyetikisa humpa mtoto majimaji siku za mwanzo na dawa nzito siku za mwisho. Muda wa kuhifadhi hutofautiana: amoksilini nyingi hudumu siku 7 au 14 baada ya kuchanganywa, na ile iliyoungwa na asidi ya klavulaniki huhitaji friji. Klarithromisini ya maji, kinyume chake, haiwekwi kwenye friji. Mombasa au Lodwar, ambako joto la mchana hupita nyuzi 30, familia isiyo na friji inapaswa kulisema hilo kabla ya kuondoka zahanati.

Kwa familia kama hiyo kuna tembe za amoksilini zinazoyeyuka, ambazo Shirika la Afya Duniani huzipendelea kwa nimonia ya watoto. Huyeyushwa kwa maji safi kidogo au maziwa ya mama wakati wa kunywa, na hazihitaji friji.

Mtoto akitapika kabla ya dakika 30 kupita, kwa kawaida hupewa kipimo kilekile tena. Kipimo kilichosahaulika hakifidiwi kwa kukitoa maradufu. Uvimbe wa uso au kupumua kwa shida baada ya kunywa dawa ni sababu ya kukimbilia hospitali. Afanyiwe vivyo hivyo mtoto anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, anayepatwa na degedege, aliyelegea kupita kiasi au ambaye kifua chake hubonyea anapovuta pumzi.

Homa ikishuka siku ya pili, siku zilizoandikwa hazipunguzwi na mzazi. Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alionya mwaka 1945 kwamba vipimo pungufu huwafunza vijidudu kuistahimili dawa. Mililita zinazobaki hazifai kuwekewa mtoto mwingine, wala ugonjwa ujao. Hurejeshwa kwa mfamasia ili ziteketezwe.