Fedha za Wahisani katika Utafiti wa Malaria Tanga

Utafiti wa tiba mkoani Tanga uliwekewa msingi kwa fedha za serikali. Mwaka 1902 Wajerumani walifungua taasisi ya mimea na kilimo huko Amani, Usambara Mashariki, na miongoni mwa miti waliyoipanda ulikuwamo mkwinini. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofunga njia za bahari, magome yake yaliwapatia dawa ya malaria askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani.

Waingereza nao walitumia fedha za umma. Mwaka 1949 walianzisha kituo cha malaria cha Afrika Mashariki, kwanza Muheza kisha Amani, chini ya Dk. Bagster Wilson, aliyekuwa akiichunguza malaria ya Tanga tangu miaka ya 1930. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo kituo hicho kilikuwa chini yake, ilivunjika mwaka 1977, na miaka miwili baadaye Tanzania ilitunga sheria ya kuunda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyorithi kazi ya Amani.

Uingereza, wakati huohuo, ilikuwa na chemchemi nyingine. Henry Wellcome, mfanyabiashara wa dawa, alifariki mwaka 1936, na wosia wake uliikabidhi kampuni kwa wadhamini ili faida igharimie utafiti. Msomaji wa pwani atautambua utaratibu huo, kwani unafanana na wakfu: mali hubaki, matunda yake hutumika.

Kwa fedha za mfuko huo wa Wellcome, Hospitali Teule ya Muheza, mali ya Kanisa Anglikana, na hospitali ya Korogwe ziliingia katika jaribio la nchi 9 za Afrika, lililolinganisha sindano za artesuneti na za kwinini kwa watoto wenye malaria kali. Majibu yalitoka mwaka 2010. Kati ya watoto 5,425, walifariki asilimia 8.5 ya waliopewa artesuneti na asilimia 10.9 ya waliopewa kwinini. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilipendekeza artesuneti kwa watoto. Sijui kipimo bora kuliko hicho cha thamani ya fedha za utafiti.

Kwa nini Tanga? Wapo wanaotaja wingi wa malaria, na ni kweli wagonjwa hawakukosekana. Lakini malaria ilikuwa nyingi pia mahali ambako jaribio halikufika. Naona uzito zaidi katika maabara na wataalamu waliolelewa kwa miongo mingi na fedha za umma. Mhisani alikuta nyumba imekwisha kujengwa.

Historia hii haionekani katika majedwali ya kulinganisha nchi kwa matumizi ya utafiti. Mwongozo wa kimataifa uliotungwa Frascati, Italia, mwaka 1963, huhesabu utafiti katika nchi unakofanyika. Kwa kanuni hiyo, paundi ya Wellcome iliyotumika Muheza haiingii katika hesabu ya utafiti uliofanyika Uingereza, na kwa Tanzania ni fedha kutoka nje. Fungu hilohilo hupokea kodi ya Waingereza, iliyolipia jaribio jingine Teule, la kuwatundikia watoto mahututi maji ya mishipa, lililotangazwa mwaka 2011.