Ermoupoli: Bandari Iliyojengwa na Wakimbizi

Mwaka 1820 hapakuwa na mji uitwao Ermoupoli. Katika kisiwa cha Syros, katikati ya Bahari ya Aegean, watu waliishi juu kilimani, Ano Syros, ambako wazee wao walijibanza zamani kwa hofu ya maharamia. Chini palikuwa na ghuba nzuri, iliyokingwa na upepo, na majengo ya kuhesabika.

Wenyeji wengi walikuwa Wakatoliki, imani iliyotia mizizi visiwani humo enzi za mabwana wa Kiveneti. Waturuki walipotwaa visiwa hivyo, Ufaransa ndiyo iliyowatetea Wakatoliki hao mbele ya Sultani. Kwa hiyo Wagiriki walipoasi mwaka 1821, Syros haikuingia vitani, na majeshi ya Sultani hayakuigusa. Uamuzi huo uliwaudhi sana wapigania uhuru. Hata hivyo, ndio uliookoa maisha ya maelfu ya Wagiriki wenzao.

Mwaka 1822 watu wa kisiwa cha Chios walichinjwa na wengine kuuzwa utumwani. Miaka miwili baadaye visiwa vya Psara na Kasos viliangamizwa. Walionusurika, pamoja na wengine kutoka Smyrna na pwani ya Asia Ndogo, walikimbilia kwenye ghuba ile na kujenga vibanda ufukweni. Walikuwa Waorthodoksi wakipokelewa na kisiwa cha Wakatoliki, wala haikuwa rahisi: wenyeji waliona ardhi yao ikijaa wageni kila merikebu ilipotia nanga. Lakini wageni hao walikuwa wafanyabiashara, manahodha na mafundi wa kuunda merikebu. Mali zao ziliteketea. Ujuzi wao na jamaa zao walioshika biashara katika miji mikubwa ya Ulaya walibaki. Mwaka 1826 waliupa mji wao jina la Hermes, mungu wa biashara wa Wagiriki wa kale.

Jina halikuwa la majivuno. Merikebu za tanga zilizobeba ngano ya Bahari Nyeusi, pamba, ngozi na vitambaa vya Uingereza zilipita hapo, na kwa miongo kadhaa Ermoupoli ikawa bandari kuu ya Ugiriki, mbele ya Piraeus, bandari ya Athens. Shule ya sekondari ilifunguliwa mwaka 1833. Eleftherios Venizelos, aliyekuja kuwa waziri mkuu, alisoma mjini humo. Karakana ya meli ya Neorion ilianzishwa mwaka 1861, na mwaka 1864 mji ukafungua ukumbi wa maonyesho wa Apollon, ambako opera za Kiitaliano ziliimbwa. Watoto wa watu waliofika bila kitu sasa walikuwa wakikata tiketi za opera.

Kilichouangusha mji ni injini. Meli za moshi zilipokuwa kubwa hazikuhitaji tena kutua njiani, na Piraeus, iliyounganishwa na Athens kwa reli tangu 1869, ikanyakua biashara. Mfereji wa Corinth ulipofunguliwa mwaka 1893 njia zilibadilika zaidi. Ukumbi wa mji uliosanifiwa na Ernst Ziller, wenye ngazi pana mbele ya uwanja wa marumaru, ulianza kujengwa mwaka 1876, fahari ile ikianza kupungua. Viwanda vya nguo vikashika nafasi ya biashara ya bahari kwa muda.

Kipigo kikali zaidi kilikuja wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mji uliozoea kulishwa kwa meli ulifungiwa bahari chini ya ukaliaji wa Waitaliano, na njaa ya 1941 na 1942 iliua watu wengi mno, maskini wa mjini kwanza.

Katika kanisa la Koimisis kuna picha takatifu ya Kulala kwa Bikira Maria, inayoaminika kuletwa na wakimbizi wa Psara. Waumini waliibusu kwa vizazi vingi bila kujua mchoraji. Mwaka 1983 saini ilionekana chini ya masizi: Domenikos Theotokopoulos, yule mchoraji mashuhuri El Greco. Nadhani hakuna kitu kinachoeleza mji huu vizuri zaidi. Watu waliokimbia moto waliona picha hiyo ni ya kubebwa.

Leo Ermoupoli ni makao makuu ya jimbo la Aegean Kusini na Neorion bado inatengeneza meli. Watalii wengi huipita wakielekea Mykonos na Santorini. Msomaji ukijaliwa kufika Aegean, shuka Syros kwanza.