Punda wa Mashindano Lamu: Namna ya Kudhibiti Uchovu Wake

KATIKA mji wa kale wa Lamu, punda anayeshindana mbio ndiye huyo huyo anayebeba mchanga, saruji na mawe siku nyingine za mwaka. Kwa hivyo, uchovu wake si jambo la zawadi na shangwe pekee, bali ni suala la riziki ya jamaa nzima inayomtegemea.

Mbio za punda ni miongoni mwa michezo inayovuta watu wengi wakati wa sherehe za Maulidi, na pia katika Tamasha la Utamaduni la Lamu ambalo kwa kawaida hufanyika mwezi wa Novemba. Wapanda punda, wengi wao vijana, hukimbiza wanyama hao kandokando ya bahari mbele ya umati wa watazamaji. Mashindano ya majahazi na ya kuogelea huandamana nazo.

Mji huo uliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia mwaka wa 2001. Vichochoro vyake ni vyembamba mno kwa magari, na kwa karne nyingi shehena inayoshushwa kutoka majahazini imefikishwa majumbani kwa mgongo wa punda.

Dalili za uchovu

Punda ana asili ya nchi kame. Ana uwezo mkubwa wa kustahimili kiu na joto, na huficha maumivu kuliko farasi. Sifa hiyo ndiyo inayompoteza mwenye punda asiye mwangalifu, kwa kuwa mnyama huendelea kutembea hata pale nguvu zake zinapokaribia kwisha.

Punda mzima aliyetulia huwa na joto la mwili la takriban nyuzi 37 za Selsiasi. Moyo wake hupiga mara 36 hadi 52 kwa dakika, naye hupumua mara 12 hadi 28 kwa muda huo. Baada ya kukimbia, viwango hivyo hupanda. Jambo la kuzingatia ni kama vinashuka upesi anapopumzishwa kivulini. Visiposhuka, mnyama huyo hastahili kurudishwa uwanjani wala kazini siku hiyo.

Dalili nyingine ni kuinamisha kichwa, kulegea kwa masikio, kujikwaa mara kwa mara na kukauka kwa ufizi. Aidha, ngozi ya shingo ikivutwa kwa vidole kisha ikachelewa kurudi mahali pake, hiyo ni ishara kwamba mwili umepungukiwa na maji.

Wahenga walisema punda haendi bila kigongo. Hata hivyo, kigongo hakiongezi nguvu zilizokwisha. Punda aliyechoka akipigwa hukimbia kwa hofu kwa muda mfupi, kisha huteguka au kuanguka, na hasara humrudia mwenyewe.

Mizigo kabla ya mbio

Maandalizi ya mbio huanza kwa kupunguza kazi. Wataalamu wengi wa mifugo hushauri kwamba punda asibebeshwe zaidi ya thuluthi moja ya uzito wake. Punda wa kilo 150, kwa hesabu hiyo, anastahili mzigo wa kilo 50, ambao ni mfuko mmoja wa saruji. Akibebeshwa mifuko miwili, mmoja kila upande, amekwisha kupita kiwango maradufu.

Siku chache kabla ya mashindano, mwenye punda hufaa kumpa kazi nyepesi ili misuli isilale wala isichoke. Kwato hukaguliwa na kupunguzwa mapema, si asubuhi ya mbio. Vidonda vya mgongoni vinavyotokana na shogi au matandiko mabovu vikionekana, mnyama huyo aachwe apone.

Kanuni ya kupokezana kazi na mapumziko si ngeni katika michezo mingine. Katika besiboli ya Marekani, mrushaji anayeanza mchezo hupumzishwa siku nne au tano kabla ya kurudi tena uwanjani. Hata michezo ya kompyuta inayoiga besiboli huhesabu uchovu huo: meneja anayemtumia mrushaji mmoja kila siku humwona akidhoofika. Mwenye punda watatu Lamu ana hesabu hiyo hiyo, ila wake ni wanyama hai. Akiwabadilisha zamu, wote hudumu. Akimtegemea mmoja mwenye mbio, humpoteza.

Maji, chakula na majira

Punda huhitaji lita 10 hadi 25 za maji kwa siku, na zaidi wakati wa joto na kazi nzito. Baada ya mbio, hupewa maji safi kidogo kidogo, akatembezwa polepole mpaka pumzi itulie, kisha akafungwa kivulini. Chakula chake kikuu ni nyasi na majani makavu yenye nyuzinyuzi, wala si nafaka nyingi.

Punda aliyechoka akikataa kula, lisichukuliwe kuwa jambo dogo. Mwili wake huanza kuyeyusha mafuta yake na kuyajaza katika damu, hali inayoweza kumuua. Mnyama wa namna hiyo apelekwe kwa daktari bila kukawia.

Majira nayo yana uzito wake. Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, hurudi nyuma kwa siku zipatazo 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Mwaka wa 2015 uliangukia Januari na tena Desemba, wakati wa kaskazi na jua kali. Mbio zikiangukia majira hayo, hufaa kufanywa asubuhi mapema au alasiri.

Matibabu na mustakabali

Shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary, lililoasisiwa na Elisabeth Svendsen mwaka wa 1969, lilifungua kituo cha matibabu ya punda Lamu mwaka wa 1987. Mbali na tiba, zawadi zimewahi kutolewa mjini humo kwa punda waliotunzwa vyema zaidi, si kwa wenye kasi pekee.

Utunzaji huo una uzito zaidi kwa kuwa punda wamepungua nchini. Sensa ya mwaka wa 2009 ilihesabu punda wapatao milioni 1.8 nchini Kenya, lakini ile ya 2019 ilipata takriban milioni 1.2. Katika kipindi hicho vichinjio vya punda vilifunguliwa ili kukidhi soko la ngozi nchini China. Mwezi wa Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi.

Punda wanapopungua, kazi ya waliobaki huongezeka, na kila mmoja huwa ghali zaidi kumrudisha akifa. Kwa mwenye punda wa Lamu, siku moja ya kumpumzisha baada ya mbio ni hasara ndogo kuliko kununua mwingine.