Ubao wa Tanga Uingereza: Kutoka Hayling hadi Portland

Historia ya mchezo wa ubao wa tanga Uingereza inaanzia kisiwa cha Hayling, pwani ya kusini, mwaka 1958. Peter Chilvers, mvulana wa miaka 12, alichukua plaiwudi, kitambaa cha hema, mti na pete za pazia, akaunda ubao ambao mtu alisimama juu yake akiwa ameshika tanga mikononi. Wamarekani Hoyle Schweitzer na Jim Drake waliomba hataza ya chombo cha namna hiyo mwaka 1968. Hataza hiyo ilipofikishwa mahakamani Uingereza, ubao wa yule mtoto ukawa ushahidi. Miti ya kushikia tanga lake ilikuwa imenyooka, lakini ilipinda upepo ulipojaza tanga, ikakaribia umbo lililodaiwa kuwa jipya. Hataza ikabatilishwa, na Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono uamuzi huo katika miaka ya 1980.

Hayling ilifaa kwa sababu za kimaumbile. Ufukwe wake unatazama kusini, na upepo unaotawala Uingereza hutoka kusini-magharibi, hivyo huupiga kwa mshazari. Upepo wa namna hiyo humpeleka mchezaji na kumrudisha. Ule utokao nchi kavu ndio wa kuogopwa: karibu na ufukwe maji hutulia kwa kuwa ardhi imeyakinga, na anayeanza huingia bila wasiwasi, akisogea mbali kidogo upepo humzidi nguvu na kumsukuma baharini.

Mchezo ulipoenea katika miaka ya 1970 na 1980, wapenda kasi walikuwa na Portland, mkoani Dorset, mahali pasipo na mfano kwa kazi hiyo. Chesil, tuta la kokoto lenye urefu wa kilomita 29 hivi, huzuia mawimbi ya bahari kuu lakini halizuii upepo. Ng'ambo yake, ndani ya bandari iliyozungushiwa kuta tangu karne ya 19, upepo huvuma kwa nguvu juu ya maji yaliyolala. Mashindano ya kasi yalianza hapo mwaka 1972. Mwaka 2012 bandari hiyo na ghuba jirani ya Weymouth zikapokea mashindano ya tanga ya Olimpiki, ambamo Mwingereza Nick Dempsey alipata medali ya fedha katika ubao wa tanga.

Wanaotaka mawimbi huenda Cornwall, hasa Gwithian, inayoelekea Atlantiki moja kwa moja.

Pwani ya magharibi ina mtihani wake: kujaa na kupwa. Katika mlango wa mto Severn, wakati wa bamvua, tofauti ya maji hupita meta 14, na bahari ikipwa hubaki tope refu lisilopitika. West Kirby, kwenye mlango wa mto Dee, ina ziwa la maji ya chumvi lililojengewa ukuta. Bahari inapokauka nje, ndani ya ukuta maji hubaki. Ni ya kina kifupi, kwa hiyo anayejifunza akianguka husimama na kupanda tena.