Msitu, Maji na Mpaka: Historia ya Ushiriki wa Jamii katika Uhifadhi wa Lindimaji la Ngorongoro na Karatu

Utangulizi

Msitu wa Hifadhi wa Nyanda za Juu za Kaskazini umetanda katika miteremko ya mashariki na kusini ya nyanda za volkano za Ngorongoro, juu ya mashamba na makazi ya Wilaya ya Karatu. Miteremko hiyo hupokea mvua na ukungu uletwao na pepo za mashariki, ilhali upande wa pili, kuelekea Oldupai, nchi ni kavu. Maji yanayopenya katika udongo wa msitu hutokea mbali na miti iliyoyahifadhi: katika vijito na visima vya Karatu, katika chemchemi za Mang'ola zinazomwagilia mashamba ya vitunguu karibu na Ziwa Eyasi, na katika chemchemi zinazostawisha msitu wa Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara chini ya ukuta wa Bonde la Ufa.

Insha hii inachunguza namna mamlaka juu ya msitu huo yalivyotenganishwa na watu wanaoishi kwa maji yake. Hoja ya msingi ni kwamba mpaka wa msitu ulichorwa kwa hatua zilizomtambua mlowezi, mfugaji na mtalii kwa nyakati tofauti, lakini hazikumtambua kikamilifu mkulima wa Karatu. Kwa hiyo juhudi za sasa za urejeshaji wa uoto zinazoitwa shirikishi zimerithi mpaka ambao maji, tembo na nyati huuvuka, ila haki ya kuamua haiuvuki.

Walowezi na wahamiaji chini ya msitu

Katika miaka ya 1920, baada ya Uingereza kuwaruhusu tena Wajerumani kuingia Tanganyika, walowezi walipewa ardhi Oldeani na kuanzisha mashamba ya kahawa chini kidogo ya msitu. Ukanda huo ulishika ardhi yenye rutuba na maji mengi zaidi. Wakati huohuo Wairaqw, ambao kitovu chao ni nyanda za Mbulu, walikuwa wakisogea kaskazini kutafuta ardhi ya kilimo na malisho. Mwelekeo huo uliongezeka mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950, pale mpango wa maendeleo wa Mbulu ulipofyeka vichaka vya mbung'o na kuwahimiza wakazi kupunguza mifugo.

Wahamiaji hao hawakufika mikono mitupu. Walikuwa na utaratibu wa aya, yaani eneo la ujirani lenye mipaka inayotambuliwa na wazee, ambamo matumizi ya ardhi, maji na malisho yalikuwa jambo la wote. Hata hivyo, Karatu walikuta ardhi ya juu imekwishagawiwa. Aya mpya ziliundwa chini ya mashamba ya walowezi, na msitu ukabaki nje ya mipaka ambayo wazee wangeweza kuisemea. Baada ya uhuru, mapema miaka ya 1960, serikali ilianzisha makazi ya mpango ya Upper Kitete kwa ajili ya kilimo cha ngano, na hivyo kilimo kikasogea hadi ukingoni mwa msitu.

Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 iliongeza ufa mwingine. Mwanahistoria Yusufu Lawi ameonesha, kwa mfano wa mashariki ya nchi ya Wairaqw, jinsi uhamishaji wa haraka ulivyovuruga uhusiano wa watu na mandhari waliyoyafahamu. Elimu ya ardhi haihamishiki kama mzigo: anayejua mahali chemchemi hutokea na mti gani usikatwe hujua hayo kwa mahali mahususi.

Sheria ya 1959 na urithi wake

Juu ya msitu, mgogoro ulikuwa wa namna nyingine. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ya 1951 iliijumuisha Ngorongoro, na haki za Wamaasai waliokuwa wakiishi humo zikazua mvutano mkali. Uchunguzi wa mwanaikolojia W. H. Pearsall wa 1956, pamoja na kamati iliyofuata, ulifungua njia ya kuigawa hifadhi hiyo. Mwaka 1958 wazee wa Kimaasai walitia saini hati ya kuondoka Serengeti, na mwaka 1959 Eneo la Hifadhi la Ngorongoro likaanzishwa kisheria ili wanyamapori, mifugo na watu waendelee kuwa pamoja.

Msitu uliingizwa katika mpangilio huo. Sheria ya 1975 iliunda Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro na kupiga marufuku kilimo ndani ya eneo. Kilimo kidogo kiliruhusiwa tena mwaka 1992, kisha kikakatazwa mwaka 2009. Sheria hiyo iliipa Mamlaka jukumu la kulinda maslahi ya Wamaasai waishio ndani. Ahadi hiyo imebishaniwa sana na mara nyingi imeonekana kuwa dhaifu, lakini angalau imeandikwa, na huweza kudaiwa. Jirani wa Karatu, anayetegemea maji yaleyale, hana kifungu cha kushika. Tofauti hii ndiyo inayoeleza kwa nini neno ushirikishwaji lina uzito mmoja Endulen na uzito mwingine Rhotia au Mbulumbulu.

Ushiriki unapoishia

Ulinganisho na Duru-Haitemba, Babati, unasaidia kuupima uzito huo. Mapema miaka ya 1990 serikali ilikusudia kuutangaza msitu huo wa miombo kuwa hifadhi ya serikali. Wanakijiji, wakiona unakwenda kuchukuliwa, walianza kuuvuna kwa pupa. Kufikia 1995 mwelekeo uligeuzwa: vijiji vinane vilikabidhiwa usimamizi, vikatunga sheria ndogo na kuweka walinzi wao. Uoto ulijirudia kwa sababu waliokuwa wakiukata walipata sababu ya kuulinda. Mfano huo ulichangia Sera ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu ya 2002, ambazo zimetambua msitu wa hifadhi wa kijiji.

Karatu haikuweza kuufuata mfano huo moja kwa moja. Msitu wa lindimaji hauko katika ardhi ya kijiji. Kilichobaki mikononi mwa wananchi ni kupanda miti mashambani, kulinda kingo za makorongo na kuhifadhi chemchemi zilizo ndani ya vijiji. Kazi hizo zina faida halisi. Mgrivea wa shambani hupunguza safari za kutafuta kuni msituni, na miti ya asili kwenye vyanzo hushika udongo. Lakini mkulima anayeotesha miti chini ya mpaka anatunza mwisho wa mfumo ambao mwanzo wake hana kauli juu yake.

Wanyamapori wanalidhihirisha jambo hili zaidi. Ushoroba wa Upper Kitete na Selela, unaounganisha msitu wa nyanda za juu na nchi ya chini ya Bonde la Ufa, umebanwa na mashamba. Tembo na nyati wanaotoka msituni huharibu mahindi na ngano. Kanuni za 2011 zilianzisha kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa madhara ya mwili au kifo. Malipo ya mazao yalipangwa kwa umbali kutoka hifadhini, na shamba lililo ndani ya mita 500 halikustahili kitu. Mantiki ya kanuni ni kuzuia kilimo mpakani. Kihistoria, hata hivyo, mashamba mengi ya Karatu yalifika mpakani kwa sababu ardhi nyingine ilikuwa imegawiwa, na katika Upper Kitete kwa mpango wa serikali yenyewe. Aliye karibu zaidi na tembo ndiye aliyewekwa mbali zaidi na fidia.

Hitimisho

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 230,166 katika Wilaya ya Karatu. Idadi hiyo mara nyingi hutajwa kama tishio kwa msitu. Historia iliyoelezwa hapa inaruhusu tafsiri nyingine: hao ndio wadau wakubwa wa lindimaji hilo, na wameachwa nje ya maamuzi kwa mfululizo wa mipaka ambayo hakuna aliyeichora kwa kuwafikiria. Miti iliyopandwa vijijini haiwezi peke yake kufuta matokeo hayo. Uamuzi unaosubiriwa ni wa kisheria: kama watumiaji wa maji wa Karatu na Mang'ola watapewa nafasi inayotambulika katika usimamizi wa msitu, au wataendelea kuitwa wadau siku ya kupanda miti na wavamizi siku ya kuhesabu hasara.